Unakimbia au Unakimbilia?

Masomo: 1 Wafalme 18:46 hadi 19:8, Kutoka 18:13-24, Marko 6:30-32



Leo tunataka kusema nanyi juu ya neno moja ambalo hapa Salamabila tunalitumia kila siku. Neno hilo ni kukimbia. Mtu wa Ulaya akimwona kijana anakimbia njiani asubuhi, anafikiri anafanya mazoezi. Sisi tukimwona kijana anakimbia, tunasimama mlangoni na kuuliza: Nani anamfukuza? Risasi zimelia wapi? Hatuna kosa kuuliza hivyo. Wengi wetu tumebeba magodoro kichwani na watoto mgongoni, tukalala porini usiku bila kuwasha moto. Miguu yetu ilijifunza kukimbia katika vita, haikujifunza katika mchezo.

Lakini lugha yetu ina neno la pili karibu na hilo: kukimbilia. Anayekimbia anaacha kitu nyuma yake kwa sababu ya hofu. Anayekimbilia ana mahali anapokwenda. Na kutoka neno hilo tunapata lingine ambalo Zaburi zinampa Mungu: kimbilio. Shikeni maneno haya matatu, maana somo letu lote la leo limo ndani yake.

KWANZA: NABII ELIYA ALIPIGA MBIO MARA MBILI

Someni vizuri habari ya nabii Eliya. Baada ya moto kushuka juu ya mlima Karmeli na mvua kurudi katika nchi, mkono wa Bwana ulikuwa juu yake. Akajifunga viuno, akapiga mbio mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Ni mwendo wa kilometa 25 hivi, tena katika mvua, na farasi za mfalme ziko nyuma yake. Biblia haimlaumu kwa mbio hizo. Mungu mwenyewe ndiye aliyempa nguvu.

Lakini geuzeni ukurasa. Malkia Yezebeli anatuma neno kwamba atamwua, na mtu yule yule, kwa miguu ile ile, anapiga mbio tena. Safari hii hakuna mkono wa Bwana juu yake. Anakwenda mpaka Beer-sheba, zaidi ya kilometa 100, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja. Anakaa chini ya mti mdogo na kuomba afe.

Mbio za kwanza zilikuwa za kukimbilia. Mbio za pili zilikuwa za kukimbia. Kwa macho ya mtu aliyesimama kando ya njia, zote mbili zilifanana.

Sasa angalieni Mungu alimfanyia nini mtumishi wake aliyechoka. Hakumkemea. Hakumwambia kwamba imani yake ni ndogo. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu safari iliyokuwa mbele ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Dawa ya kwanza ambayo Mungu alimpa nabii aliyetaka kufa ilikuwa usingizi, chakula na maji. Mahubiri yalikuja baadaye, huko Horebu.

Ndugu zangu, sisi mashemasi tulisoma habari hii miaka mingi bila kuisikia. Ndiyo sababu tunataka kuwaeleza kosa letu.

PILI: KIJANA WETU NA KOSA LETU

Kuna kijana mmoja katikati yetu. Jina lake hatulitaji, ingawa wengi wenu mnamjua. Alijifunza kazi ya kompyuta huko Bukavu, kisha akarudi kwa mama yake. Kazi yake ni kutengeneza kurasa za intaneti za maduka na mashirika ya mbali. Wengi hapa tulidhani ni kazi ya kukaa tu. Yeye alitueleza kwamba anaiandikia mashine maagizo katika lugha yake, mstari kwa mstari, na alama moja ndogo ikikosekana, ukurasa wote unakataa kufunguka. Anaweza kutafuta alama hiyo toka jioni mpaka jogoo awike. Umeme anaupata kwa pano ya jua na betri, na mtandao unapita vizuri usiku, watu wengine wanapolala. Hivyo usiku ndio uliokuwa mchana wake.

Kijana huyu alikuwa na mambo mengine mawili aliyoyapenda. La kwanza, alfajiri alipenda kupiga mbio katika vijia vya milima, vile vinavyopita kati ya mashamba. La pili, alipiga tarumbeta katika fanfari yetu, na siku za nsinsani tarumbeta yake ndiyo iliyoinua miguu ya watu.

Basi siku moja ya ibada tulimkuta amelala, tarumbeta juu ya magoti. Tulimwita baada ya ibada mbele ya watu. Tulimwambia: Wewe una mambo matatu, mashine, milima na tarumbeta. Mtu hawezi kuwatumikia mabwana watatu. Chagua. Na juu ya mbio hizo, tulimwambia kwamba mtu mwenye akili hakimbii kama hakuna anayemfukuza. Watu walicheka. Sisi pia tulicheka.

Alitii. Aliacha milima. Aliacha tarumbeta. Alibaki na mashine tu, maana mashine ndiyo iliyoleta pesa nyumbani. Sisi tulisema: Sasa amekuwa mtu mzima.

Ulipita karibu mwaka mmoja. Usiku mmoja mama yake alikuja kupiga hodi. Alisema: "Papa shemasi, kuja uone. Mtoto hasemi tena." Tulikwenda watu wawili. Tulimkuta amekaa mbele ya mashine iliyozimika, betri imekwisha, macho mekundu, mikono inatetemeka. Alikuwa hajalala siku ngapi, hata mama yake hakuweza kuhesabu. Tulikaa naye mpaka asubuhi, tukamnywesha uji. Tulipomwuliza ni kitu gani, alituambia jambo ambalo hatukulijua.

Mnakumbuka kwamba kaka yake alifunikwa na udongo katika shimo la zahabu. Aliacha watoto watatu. Kijana huyu alikuwa amejiapia moyoni, bila kumwambia mtu, kwamba hakuna hata mmoja wa watoto hao atakayeshuka shimoni kuchimba. Kwa hiyo kila kazi iliyokuja aliipokea. Hakumkataa mteja hata mmoja. Kila mwezi alipohesabu karo ya shule ya watoto watatu, alimwona kaka yake chini ya udongo, naye aliongeza usiku mwingine.

Kisha alituambia neno hili: "Milimani ndipo nilipokuwa nalia. Nikirudi, nilikuwa naweza kufanya kazi."

Wapendwa, tulitoka katika nyumba ile tukiwa na haya. Kijana yule alipokuwa akipiga mbio milimani, alikuwa anakimbilia: alikwenda kuweka huzuni yake mbele ya Mungu mahali pasipo na watu. Na alipokuwa amekaa kimya mbele ya mashine, tukimsifu kwamba ametulia, ndipo alipokuwa anakimbia. Kulikuwa na shimo nyuma yake, naye alikuwa akilikimbia usiku na mchana, ameketi katika kiti. Sisi tulimnyang'anya mkate na maji ya malaika, tukamwachia jangwa.

TATU: KAZI, MBIO NA TARUMBETA VINA BWANA MMOJA

Katika kanisa letu tumefundishwa maneno matatu: Upendo, Amri na Kazi. Wengine tunayasoma kutoka mwisho, tunaanza na Kazi na kuishia hapo hapo. Lakini Upendo umetangulia. Kazi isiyotoka katika upendo wa Mungu na wa jirani inakuwa kama Farao: kila siku inataka matofali yale yale bila kutoa majani.

Hatusemi kwamba kazi ya kijana huyu ni mbaya. Mtume Paulo alikuwa mshona mahema, soma Matendo 18:3, na mikono yake ilipatana na mahubiri yake. Hata kazi ya kompyuta inaweza kuwa kazi ya upendo. Mwisho wa mwaka 2007 huko Kenya watu walianza kuuana kwa sababu ya uchaguzi. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2008, Wakenya wachache na rafiki zao, akina Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman, walitengeneza kwa siku chache tu programu ambayo mtu yeyote aliweza kuitumia kupeleka habari kwa simu: hapa nyumba inachomwa, hapa watu wanahitaji msaada. Habari hizo zilionekana kwenye ramani. Waliipa jina la Kiswahili, Ushahidi. Mwaka 2010, tetemeko la ardhi lilipoiangusha Haiti, programu hiyo hiyo ilitumika kuonyesha mahali watu walipohitaji kuokolewa. Basi msiseme tena kwamba anayeandika mbele ya mashine anacheza.

Juu ya mbio pia tulikosa. Tulidhani kupiga mbio milimani ni upuuzi wa mtu mmoja wa Salamabila. Lakini Mkenya Patrick Kipngeno alishinda ubingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima, mwaka 2022 huko Thailand, na tena mwaka 2023 huko Austria. Na mjue habari ya Eliud Kipchoge. Tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 2019, huko Vienna, alikuwa mtu wa kwanza kukimbia kilometa 42 na mita 195 kwa muda usiofika saa mbili: saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mtu kama huyo tungedhani anapiga mbio toka asubuhi mpaka usiku. Sivyo. Katika kambi yake ya Kaptagat alipiga mbio, alikula, alilala mchana, na zamu yake ilipofika alisafisha vyoo kama wenzake. Mwisho wa juma alirudi nyumbani kwa mke na watoto. Na mwaka 2024, katika michezo ya Olimpiki ya Paris, mwili ulipokataa, alisimama, akatoka kwa mguu bila kumaliza. Wanaojua kupiga mbio kuliko watu wote wanajua pia kusimama. Je, sisi tunaochimba, tunaolima, tunaouza sokoni, tunaoendesha pikipiki toka alfajiri, tunajua kusimama?

Na tarumbeta? Je, tarumbeta ni mchezo tu? Daudi alikuwa mchungaji, tena askari, tena mfalme, naye hakuacha kinubi chake. Kinubi hicho ndicho kilichomtuliza Sauli wakati roho mbaya ilipomsumbua. Mungu hakumpa mtu mikono miwili ili yote miwili ishike jembe siku zote.

Yethro alipomwona Musa akiamua maneno ya watu toka asubuhi mpaka jioni, alimwambia wazi kwamba jambo hilo si jema, atachakaa yeye pamoja na watu. Angalieni, Musa alikuwa akifanya kazi ya Mungu, wala si kazi ya dhambi. Hata hivyo mzee alimwambia agawe mzigo. Na Bwana wetu Yesu, mitume waliporudi na habari nyingi, watu wakiingia na kutoka mpaka hawakupata nafasi ya kula, aliwachukua kando mahali pasipo na watu wapate kupumzika kidogo. Alijua kwamba wagonjwa wako bado. Aliwapumzisha mitume hata hivyo.

NNE: PAPA SIMON KIMBANGU ALIACHA KUKIMBIA

Papa Simon Kimbangu mwenyewe alipita katika njia hii. Sauti ya Mungu ilipomwita, mara ya kwanza alikimbia. Alikwenda Kinshasa, akatafuta kazi huko, akidhani kazi itamficha. Sauti ilimfuata. Alirudi Nkamba, na tarehe 6 mwezi wa 4 mwaka 1921 alianza kazi ambayo Mungu alimwitia.

Mwezi wa 6 wa mwaka ule ule mtawala Mbelgiji alikuja na askari kumkamata. Papa aliponyoka, akakaa miezi mitatu katika maficho, akifundisha watu. Kisha mwezi wa 9 alirudi mwenyewe Nkamba, mbele ya watu wake, akijua vizuri kinachomngoja. Hakuna aliyemburuta. Alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akakaa gerezani Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, miaka 30, mpaka alipokufa tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951.

Wapendwa, tunasherehekea mateso ya Papa, lakini tujifunze pia kurudi kwake. Kazi ya Kinshasa haikuwa dhambi. Lakini ilikuwa kazi ya kukimbia, na kazi ya kukimbia haimpi mtu amani hata ikimpa mshahara. Alipogeuka na kukimbilia, hata gereza halikumwondolea amani hiyo.

TUFANYE NINI BASI?

Tulirudi kwa kijana wetu. Tulimwomba msamaha mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndipo tulipomwaibisha. Kisha tulikaa pamoja naye, na mama yake, na wamama wa parokia.

Mzigo wa watoto watatu tuliugawa, kama Yethro alivyofundisha. Mavuno ya shamba la parokia yanalipa karo ya mmoja. Wajomba wamemchukua wa pili. Wa tatu amebaki kwa kijana. Kompyuta inafungwa kabla ya usiku wa manane, na siku ya Jumapili haifunguliwi kabisa. Jumamosi asubuhi anapiga mbio, lakini hakwendi peke yake: vijana wawili wanamfuata, wanapita njia inayojulikana, na kabla ya kutoka wanamwambia mzee mmoja wanakopita, maana nchi yetu bado haijatulia na upumbavu si imani. Alhamisi jioni anarudi kwenye tarumbeta.

Hatutaki kuwadanganya. Mteja mmoja alikasirika akaondoka, na pesa zilipungua. Kuna miezi karo inachelewa, na watoto wanarudishwa nyumbani. Kuna usiku kijana anakaa macho tena, na mama yake anatuita. Lakini anasema. Anakula. Na katika nsinsani iliyopita, wale walioinuka kuandamana wanajua ni tarumbeta ya nani iliyowainua.

Sasa tunawaomba ninyi nyote mjiulize, kila mtu nyumbani kwake, maneno haya machache.

Wewe mchimbaji unayelala shimoni majuma mawili bila kuja nyumbani: unakimbilia chakula cha watoto, au unakimbia maneno ya mke wako?

Wewe mama wa soko unayefungua meza siku zote saba: unakimbilia mahitaji ya nyumba, au unakimbia ukimya wa nyumba tangu mume alipokufa?

Wewe kijana ambaye simu haitoki mkononi toka asubuhi mpaka usiku: unapumzika kweli, au unakimbia sala?

Na sisi mashemasi, tunaoshika vikao vyote vya kanisa na kurudi nyumbani watoto wamelala: tunamkimbilia Mungu, au tunawakimbia watu wetu kwa jina la Mungu?

Hatuwezi kumjibia mwingine. Mwaka ule tulijaribu kumjibia kijana wa watu, tukakosea vibaya. Kila mtu aingie chumbani, apige magoti, amwulize Bwana. Ukiona kwamba unakimbia, usiogope. Hata Eliya alikimbia, na Mungu alimfuata jangwani akiwa na mkate mkononi mwa malaika. Na ukimwona mwenzako amechoka, kabla ya kumhubiri, mwulize kama amekula, na kama amelala.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, wewe ndiwe kimbilio letu. Tumekimbia vita, tumekimbia njaa, tumekimbia hata vivuli vyetu wenyewe. Utusimamishe. Uwape usingizi wanaofanya kazi usiku. Uwalinde walio ndani ya mashimo ya Namoya na ya milima yote ya Maniema, uwatoe salama. Uwalinde watoto ili washike kalamu, wasishike nyundo. Utupe kazi yenye upendo, miguu yenye mahali pa kwenda, na nyimbo za kukusifu. Kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu. Amina.